Zanzibar imejaa? Tuuangalie udongo kwanza

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Wapo wanaosema visiwa vimejaa, uzazi upunguzwe haraka. Wengine wanajibu kwamba nafasi ipo tele, ila watu wamerundikana mjini.

Wanaosema vimejaa hawasemi ovyo. Unguja na Pemba pamoja hazifiki kilomita za mraba 2,700, na Mkoa wa Mjini Magharibi pekee una watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Tena tunategemea zaidi maji ya chini ya ardhi: mvua hupenya kwenye mwamba na kukaa juu ya maji ya chumvi, na visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Hilo halina ubishi.

Wapinzani wao huonyesha ramani. Pemba ina watu 543,441 tu, na mashariki ya Unguja ni vichaka kwa vichaka. Kwa nini watu wasihamie huko?

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Magharibi ya Unguja kuna udongo mwekundu wenye kina, unaobeba mikarafuu, minazi, migomba na mihogo. Mashariki na kusini ni maweni, udongo haba juu ya jiwe la matumbawe. Mji umekua upande wenye rutuba, kwa hiyo shamba likishakatwa viwanja, chakula chake hakipandwi tena mahali pengine. Maweni nayo si ardhi ya bure. Wanavijiji hukata kuni huko, huchoma chokaa, hulima katikati ya mawe kisha huacha ardhi ipumzike. Msitu wa Jozani na kima punju wake wako upande huo, na mvua inayojaza visima huingilia humo humo.

Isitoshe, uhamiaji umekwisha kuanza. Mkoa wa Kusini Unguja ulitoka watu 115,588 hadi 195,873 ndani ya miaka hiyo kumi, kasi kubwa kuliko ya mjini. Mahoteli ya Paje na Jambiani yamevuta watu, na mji nao unasogea kuelekea Tunguu. Pemba ni vilima na mabonde. Vilima vikivuliwa miti, udongo huporomokea kwenye mpunga.

Mimi naona tujenge kwenda juu. Maghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, yalishaanza njia hiyo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Najua ghorofa zina kero zake: maji hayapandi, familia kubwa hazienei, hakuna ua wa kuanikia wala kupikia. Kero hizo mchoraji na fundi wanaweza kuzitatua. Shamba lililomwagiwa zege hawawezi kulirudisha. Hata uzazi ukipungua kesho, vijana waliokwisha kuzaliwa watataka nyumba, na kabla ya kuwapimia viwanja, ramani ya udongo na ya maji iwe mezani, ardhi yenye kina iwekwe kando kisheria.