Kabla mtoto hajaacha kutaka unahodha

Mwulize mtoto wa miaka minne wa Likoni ukikua wataka kuwa nani, atakutajia dereva wa feri, makanga, polisi, au yule anayeendesha kreni kule bandarini Kilindini, Mombasa. Mwulize yuyo huyo akifika miaka kumi na mitatu, atasema daktari, rubani, wakili, injinia. Wazazi hufurahi, mtoto keshapata akili. Mimi naona kuna hasara imepita hapo na hakuna aliyeihesabu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1981, na maelezo yake yanaingia vizuri hata huku pwani. Kati ya miaka 3 na 5 mtoto anavutiwa na ukubwa na nguvu, kwa hiyo kazi nzuri ni ile ya mtu mzima anayetawala chombo kikubwa. Kati ya 6 na 8 anaanza kugawa kazi za kiume na za kike. Kati ya 9 na 13 anajua tayari mtaa unamheshimu nani na unamdharau nani, basi anatupa kila kazi inayoonekana ya chini, pamoja na zile anazodhani hazifikii. Baada ya miaka 14 ndipo anajiuliza yeye mwenyewe anapenda nini na anaweza nini. Swali lenye uzito linakuja mwisho, kapu lishapungua. Na alichokitupa, kwa kawaida harudi kukiokota mpaka mtu amsukume.

Kinachobaki kapuni hufanana dunia nzima. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa majibu ya vijana wa miaka 15 katika nchi 41: asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitarajia kufanya moja kati ya kazi kumi tu zinazopendwa zaidi. Kenya haikuwamo, lakini ingia darasa lolote la Kisauni au Changamwe usikilize, hutatoka na orodha ndefu.

Kwetu Mombasa hatua ya tatu, ile ya heshima, ndiyo inayofanya uharibifu mkubwa. Bandari iko puani, na bado nyumbani neno "bandarini" linamaanisha kuli mwenye gunia mgongoni. Mtoto anakua hajui kwamba kuna mpimaji wa kina cha bahari, mkaguzi wa meli, mpangaji wa makontena, fundi wa mitambo ya baridi ya makontena ya parachichi, ajenti wa forodha. Huwezi kutamani kazi ambayo hujapata kusikia jina lake. Daktari anamjua kwa sababu alimdunga sindano.

Chukua unahodha wenyewe, maana ndio unaotajwa sana utotoni na kusahauliwa upesi. Njia yake iko wazi kuliko watu wanavyodhani, lakini ina milango inayofungwa mapema.

Mlango wa kwanza ni macho. Mkataba wa kimataifa wa STCW, unaosimamia mafunzo ya mabaharia, unataka afisa wa sitaha, yaani yule anayeshika zamu ya kuongoza meli, atofautishe rangi. Usiku meli huwasha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukiona zote mbili pamoja mbele yako, meli inakujia uso kwa uso. Ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wake wa kushoto. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hapewi zamu, hata awe na alama zipi. Kipimo ni kadi za Ishihara, zile zenye vitone vya rangi na nambari iliyofichwa ndani, na humalizika kwa dakika chache kwa daktari wa macho. Hitilafu hii ni ya kuzaliwa kwa walio wengi, na huwapata wanaume zaidi. Sasa fikiria kijana anaigundua akiwa na miaka 19, ada ya chuo ishalipwa. Angeweza kupimwa akiwa na miaka 10, akapata muda wa kuzoea wazo la kazi nyingine ya meli, kwa mfano uwakala au ukaguzi wa mizigo.

Mlango wa pili ni maji. Katika mafunzo ya msingi ya usalama, yanayojumuisha kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu binafsi, mwanafunzi huruka kwenye maji kutoka juu akiwa na jaketi la kuokolea, huogelea nalo, hupindua boya kubwa la uokoaji lililoangukia kifudifudi, kisha huelea bila jaketi. Na si ajabu kumpata kijana aliyezaliwa kisiwani, anayevuka feri kila siku, asiyejua kuogelea. Anayejifunza kuogelea akiwa mdogo haogopi siku ya mtihani. Anayeanza chuoni hutumia kozi nzima kupambana na woga badala ya kushika mafunzo.

Halafu hesabu. Urambazaji ni pembe, umbali, kasi na wakati. Mwanafunzi aliyeacha fizikia na kukimbia hisabati amejiwekea kizingiti yeye mwenyewe, na mara nyingi aliviacha kwa sababu rafiki zake waliviacha.

Baada ya hapo ndipo chuo, na hapa Mombasa tunacho Bandari Maritime Academy. Lakini darasa peke yake halimfanyi mtu afisa. Kwa mpango ulioidhinishwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, anahitaji angalau miezi 12 baharini, miezi sita kati yake akiwa kwenye zamu za daraja la meli, pale meli inapoongozwa, na yote yaandikwe katika kitabu cha mafunzo na kutiwa saini na maafisa wa meli. Ukurasa usio na saini ni siku zilizopotea. Asiyepitia mpango huo anahitaji miezi 36. Umri wa chini wa cheti cha afisa ni miaka 18. Kutoka hapo mpaka kuwa nahodha wa meli ya tani 3,000 na zaidi ni miezi mingine 36 ya kazi ya afisa wa zamu, inayoweza kupunguzwa hadi 24 ikiwa angalau 12 kati yake alikuwa afisa mkuu, yule anayemfuata nahodha kwa cheo. Hiyo ni miezi ya baharini. Likizo ya nyumbani haimo.

Wengi hukwama kwenye ile miezi 12 ya mwanzo. Kenya imo tangu 2010 katika orodha nyeupe ya Shirika la Bahari Duniani, yaani ya nchi zinazotimiza mkataba wa STCW, vyeti vyetu vinatambulika, lakini meli zetu wenyewe ni chache, basi kadeti hutegemea nafasi za kampuni za nje. Hapo ndipo madalali huingia na kudai fedha za kukutafutia meli. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Anachoweza kugharamia ni cheti chake cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Anayetaka zaidi ya hapo aulizwe leseni yake, kisha jina lake lipelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa baharini, KMA, likaulizwe.

Nimerefusha kwa makusudi. Mzazi anayeweza kumsimulia mtoto wa miaka 11 haya yote, hata kwa ufupi, anampa ndoto yenye ngazi za kupandia. Anayesema tu "soma kwa bidii mwanangu" hajamwambia kitu.

Kwa wasichana hatari huja mapema zaidi, kwenye ile miaka 6 hadi 8, na hutoka kwa watu wema kabisa: bibi anayesema bahari si ya mtoto wa kike, mjomba anayecheka. Hotuba haitasaidia sana hapo. Mtoto anahitaji kumwona mtu. Elizabeth Marami ni mwanamke wa kwanza nchini kuwa rubani wa meli, yule anayeifuata meli kwa boti, akapanda ngazi ya kamba ubavuni, akaingia darajani kumwongoza nahodha mpaka gatini. Angani yuko Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Waonyeshe picha zao kabla ya darasa la tatu, usingoje siku ya ushauri wa kazi shuleni.

Udaktari wenyewe sina ugomvi nao. Ila mzazi anayeuona ni njia salama kuliko zote akumbuke mgomo wa madaktari wa 2024, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, ambao mzozo wake mkubwa ulikuwa juu ya malipo na nafasi za madaktari wanagenzi. Kijana alishasoma miaka sita, akangoja nyumbani.

Haya yote yamekuwa ya haraka zaidi sasa. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia gredi ya 10 Januari 2026, na kila mmoja alilazimika kuchagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hisabati nayo imegawanywa, nzito kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Anayechagua ana miaka 14 au 15, yaani ndiyo kwanza anaanza kujiuliza anapenda nini. Kwa maoni yangu mazungumzo yaanze gredi ya 6, na shule impe mtoto kazi ya kumhoji mtu mmoja anayefanya kazi isiyo kwenye orodha ya kawaida: anaamka saa ngapi, alisomea wapi, kifaa gani hushika zaidi, nini humchosha, mshahara ulichelewa lini.

Watu wazima nao ndoto hubadilika, hilo husahaulika. Fundi wa miaka 40 aliyejifunzia gerejini Majengo anaweza leo kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kurudi darasani, kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Hutakiwa kuleta ushahidi wa kazi zake na kufanyiwa tathmini kwa vitendo. Ushahidi ndio unaowaangusha wengi, kwa kuwa hawakuwahi kuweka kumbukumbu. Kwa hiyo piga picha injini kabla na baada, weka risiti za vipuri, na mteja akiridhika mwombe barua fupi yenye tarehe na saini yake.