Natozwa Kodi ya Maji Nisiyoyanywa, Lakini Nimepewa na Kura

Bahasha imefika tena. Kabla sijaifungua nilishajua ni ya bodi ya maji. Zaidi ya euro mia mbili kwa mwaka, kwa mtu mmoja anayeishi kwenye chumba kimoja. Na msidhani nazungumzia maji ya bomba. Ya bomba yana kampuni yake na bili yake, inakatwa benki bila kuniuliza. Hii ni kodi ya maji nisiyoyanywa: kutunza matuta, kuendesha pampu zinazotoa maji mashambani na kuyarudisha mtoni, kusafisha majitaka. Mwenyeji au mgeni, profesa au mwanafunzi, ukilala Uholanzi unalipa. Ukizima pampu hapa, nchi inarudi majini. Upande wa Rotterdam kuna mahali ardhi iko karibu mita saba chini ya usawa wa bahari, na watu wamejenga, wanafuga, wanapanda maua.

Nilikuja Delft kwa shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali za maji, nikanogewa, sasa nahangaika na uzamivu. Kila mwaka bahasha ile ikija nasonya. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba wasamehewe, na wanafunzi wengi tunaijua hiyo fomu vizuri kuliko tunavyozijua mada zetu za utafiti.

Ila mwaka 2023 bili haikuja peke yake. Nililetewa pia karatasi ya kupigia kura. Mimi, mwenye pasi ya Tanzania na kibali cha mwanafunzi, naitwa nikachague wajumbe wa bodi ya maji! Kura ya ubunge sina na siidai. Ya halmashauri ya mji, mtu wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kwanza awe amekaa miaka mitano. Ya bodi ya maji haina mlolongo huo: unaishi kwenye eneo lao, una kibali halali, umetimiza miaka 18, karibu. Unalipa, basi chagua wa kuzitumia hela zako. Tarehe 15 Machi nikaenda, nikapewa penseli nyekundu na karatasi ya wagombea kubwa kama kanga iliyokunjuliwa, nikaweka alama yangu.

Sasa nyie mlio nyumbani, jibuni bila kugugo: mwenyekiti wa bodi ya maji ya bonde lenu ni nani? Haya, nalegeza. Mko bonde gani? Tunayo tisa: Pangani, Wami-Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Rukwa, Tanganyika na Victoria. Mimi nimezaliwa na kukulia Same, ndani ya Pangani, bonde lililokuwa la kwanza kupata ofisi yake, mwaka 1991. Nikasoma uhandisi wa maji. Hadi napanda ndege sikuwa najua jina la mjumbe hata mmoja. Mgao tunaujua. Maboza tunayajua, na bei zake kiangazi. Tunajua mita inavyozunguka kwa upepo. Lakini nani anaketi na kuamua kwamba mto huu mmoja utagawanywaje kati ya Nyumba ya Mungu, mitambo ya Hale, mashamba ya mkonge, mji wa Moshi na shangazi yangu mwenye migomba, hilo halituhusu. Waziri ameteua, gazeti la serikali limetangaza, basi.

Nishawasikia. "Kaanza huyu. Kaonja jibini, sasa sisi wote hatufai." Wengine mtaniita mzungu mweusi, ndiyo kawaida yenu. Wenye hoja watasema Uholanzi ni tajiri, inaweza kumudu mambo hayo.

Wajomba, bodi hizi zimeutangulia utajiri. Ile ya Rijnland ina hati ya mwaka 1255. Mwaka 1255 hawa hawakuwa na benki wala ndege. Walikuwa wakulima wa kwenye tope, wanajua kwamba jirani akiacha kipande chake cha tuta kibomoke, shamba litakalozama ni lako. Wakalazimishana kuchimba, wakatozana faini, wakawekana madarakani na kuondoana. Na hawakuwa malaika wa kupatia kila kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ikaua watu 1,836. Wakati ule bodi zilikuwa zaidi ya elfu mbili, nyingine ndogo mno hata hela ya udongo hazina. Zikaunganishwa na kuunganishwa tena, leo zimebaki 21. Uchaguzi hawakuufuta.

Hoja inayonipandisha presha ni ile nyingine: "Kwetu hayo hayawezekani, watu wetu hawajastaarabika kiasi hicho."

Hawajastaarabika? Nendeni Upare mkaone ndiva. Bwawa la udongo kando ya mlima, linajazwa usiku, linafunguliwa alfajiri, maji yanashuka mferejini kwa zamu. Kuna mgawaji anayejua leo ni ya nani na kesho ni ya nani. Asiyekuja siku ya kuzibua mfereji anatozwa, na akikaidi zamu yake inarukwa. Watu wa Vudee, walio juu, na wa Bangalala, walio chini yao, walikubaliana zamani sana kwamba wa juu wachukue maji mchana, usiku wayaache yateremke yajaze ndiva za wenzao. Hakuna afisa aliyekuja na semina. Wachaga nao na mifongo, mifereji yao ya asili, mambo ni yaleyale: wenye mfongo wanakutana, wanapanga, wanagombana, wanapatana. Hiyo ni bodi ya maji, jamani, isipokuwa haina nembo.

Mnajua hayo ya Vudee na Bangalala niliyasoma wapi kwa undani? Delft! Chuo hiki cha maji, kilichoanza kufundisha watu wa nchi zetu tangu 1957, kilishirikiana na watafiti wa kwetu kuchunguza kijito cha Makanya, na makala zake zipo. Nimekaa maktaba, nje baridi, nasoma kwa Kiingereza habari ambazo wazee wa kwetu wangenipa bure kwa kahawa na kashata. Nilijisikia fahari nikatamani kumwonyesha kila aliyepita. Halafu nikakasirika, kwa sababu kwenye kozi zangu zote za nyumbani ndiva ilitajwa pale tu tulipofundishwa upotevu wa maji kwenye mifereji ya udongo.

Na huo ndio ugonjwa wetu. Waholanzi walichukua ndiva zao wakazijengea sheria juu yake. Sisi tukajenga sheria pembeni, halafu tukawaita wenye ndiva "wadau".

Angalieni Usangu. Mto Ruaha Mkuu, unaopita huko, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Mpunga umepanuka, mifugo imeongezeka, kila mtu ana wa kumlaumu. Dawa ikaja na mkopo wa Benki ya Dunia: vibali na ada ya matumizi ya maji, pamoja na mabanio mapya ya zege ya kuchepusha maji ya mto kwenda mashambani. Kwenye vitabu vyetu ilikuwa safi. Mtu akilipia maji ataacha kuyachezea. Kumbe aliyelipia alisema nimelipa, maji ni yangu, akafungua mpaka mwisho. Na lile banio la zamani la magogo na majani tulilolidharau lilikuwa linavuja, na ule uvujaji ndio uliokuwa unamfikia wa chini. Zege halivuji. Aliye juu akifunga geti, wa chini anaona mchanga. Wahandisi tukaandika kwamba ufanisi umeongezeka. Baadaye wafugaji wakaondolewa, mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa, na mto bado unakauka.

Hapo mwanasheria wetu anainua mkono: Sheria namba 11 ya 2009 inatambua haki za kimila za maji, na kuna jumuiya za watumia maji. Kweli, mheshimiwa, nimeisoma na ni sheria nzuri. Haki ya kimila kwenye karatasi ina hadhi sawa na kibali. Lakini tazama jumuiya imepewa nini: ilinde chanzo, ifukuze wanaolima ndani ya mita 60, isuluhishe ugomvi, ihamasishe watu walipe ada. Kazi za mgambo bila posho. Bodini, hata anayeingia kwa jina la watumiaji anaingia kwa kuteuliwa. Kanuni za Dublin za 1992 za usimamizi wa maji, zile tunazokaririshwa wote, mimi huku na wenzangu wanaosoma shahada hiihii pale Mlimani, zinasema mtumiaji ashirikishwe. Tumezitia kwenye sera ya maji ya 2002, tunazijibia mitihani, tunapata A. Kwa hiyo msinisingizie elimu ya Ulaya. Elimu ni ileile, mimi nilipata ufadhili tu.

Na hawa nao wana yao. Waliojitokeza 2023 walikuwa takriban nusu ya wapiga kura, tena wengi kwa sababu uchaguzi wa majimbo ulifanyika siku hiyohiyo. Jirani yangu alikiri kwamba alimchagua mtu kwa sababu jina lilimfurahisha. Wakulima na watu wa hifadhi wana viti vyao vya bure, wanaingia bila kupigiwa kura ya wananchi. Mifereji yao inapendeza kwenye picha lakini imejaa mbolea ya mashambani, na malengo ya Umoja wa Ulaya ya maji safi ya mwaka 2027 yanawatoa jasho. Kiangazi cha 2018 kilipowapiga ukame wakabaki wanatazamana, maana karne zote wamejifunza kuyafukuza maji na si kuyatunza. Siku ile mtu wa Same angewapa somo.

Mnauliza: kwa hiyo unataka tuongezewe tozo? Nilijua tutafika huko. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea miaka ishirini, kila kijiji kiwe na maji karibu, na bure. Wanaokumbuka maji ya bure wakumbuke pia pampu ilivyokufa na fundi alivyosubiriwa. Mwaka 1991 ikaja sera ya kuchangia. Tumeambiwa changieni tangu wakati huo, chagueni hatujaambiwa. Mimi kulipa sikatai, hata kule kwetu. Nakataa kulipa halafu nisimjue wa kumuuliza.

Kinachonitosha ni kidogo. Bonde la Pangani lianze, lina ofisi na lina kumbukumbu za muda mrefu kuliko mengine. Viti viwili tu vya bodi vipigiwe kura na wenye ndiva, mifongo na skimu. Orodha za wanachama zipo, mikutano inafanyika, makatibu wana madaftari. Viti vilivyobaki waziri aendelee kuteua kama anavyopenda.

"Watachaguliwa wenye pesa." Inawezekana sana. "Watanunuliwa na wenye mashamba makubwa." Hilo nalo linawezekana, mbona hata wa kuteuliwa hana kinga ya kununuliwa. Ila huyu wa kuchaguliwa, mama wa Bangalala aliyekesha akisubiri maji yasiyofika anamjua kwa jina na anapajua kwake, na baada ya miaka minne anaweza kumnyima kura. Yule wa kwenye gazeti la serikali, mama huyo anamwondoaje?