Rekodi yake inajieleza? Haya, ijieleze basi

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliomaliza darasa la saba pamoja, jamaa katupia bango la kada mmoja ambaye ameanza kutajwatajwa kwa urais. Suti ya bluu, bendera kwa nyuma, halafu orodha ya "Aliyoyafanya", mambo 23 kwa hesabu yangu. Chini kabisa: "Rekodi yake inajieleza." Nikashuka nayo moja moja. Namba 9 ilikuwa sekondari ya kata yetu.

Hapo ndipo aliponichokoza. Mawe ya sekondari ile tumeyabeba sisi. Kila Jumamosi, mtoto mawe matatu kutoka mtoni, na asiyetimiza hesabu Jumatatu anaitwa mbele mstarini. Wazazi walichangishwa, jirani yetu mmoja alichelewesha mchango, kuku wake wawili wakaondoka na mgambo wakining'inia kichwa chini kwenye baiskeli. Mheshimiwa tulimwona siku moja tu, ya ufunguzi. Akakata utepe, akala pilau, akaacha jina kwenye jiwe la msingi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, najua. Ila na nani?

Mimi naiamini rekodi kuliko huyo aliyetupia bango, ndiyo maana naudhika ikigeuzwa kuwa hesabu ya madaraja na madarasa. Hela ya daraja imepitishwa na Bunge, mkandarasi kalipwa kwa kodi au kwa mkopo tutakaoulipa wote. Waziri angekuwa mwingine, huenda daraja lingejengwa vilevile. Mimi nataka kujua mtu huyu alifanya nini siku alipopingwa, na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake wakamwambia "hapana, mheshimiwa".

Mnaikumbuka 2015? Makada 42 walichukua fomu za kuwania urais kupitia CCM, kila mmoja na rekodi yake kwapani. Aliyepita alikuwa John Magufuli, na tulivyomjadili vijiweni utadhani tunaajiri msimamizi wa barabara. Kilomita! Mtu anasimama bungeni anazitaja barabara na urefu wake bila kutazama karatasi, na sisi hoi. Nami nilikuwemo, sijitoi. Barabara alizisimamia kweli, hilo hata mbishi wa kijiweni kwetu alikubali, tena kwa shingo upande.

Lakini rekodi hiyohiyo ilikuwa na kurasa nyingine. Mwaka 2012, akiwa Waziri wa Ujenzi, nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wananchi wakalalamika, wabunge wao wakalalamika. Jibu la waziri likawa kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi. Tukacheka! Nakumbuka mama mmoja pale kivukoni, ndoo ya dagaa kichwani, akimuuliza mwenzake kama dagaa nao watapiga mbizi au watalipiwa mzigo. Tukacheka tena, tukasema "huyu ndiye mchapakazi, hana mchezo".

Kabla ya hapo kulikuwa na ile meli ya uvuvi ya mwaka 2009, yeye akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Meli ikakamatwa, samaki wakagawiwa, mtaani wakaitwa samaki wa Magufuli, sifa tele. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu ya walioshitakiwa. Wangapi tulifuatilia mwisho wake? Samaki walishaliwa.

Basi mwaka 2016, akiwa Rais, mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yakazimwa, na watu wakashika vichwa: "Hatukujua kama atakuwa hivi!" Hatukujua nini? Aliyemwambia mlalamikaji apige mbizi alikuwa ameshajieleza. Sisi tulikuwa tunahesabu lami.

Marehemu hasutwi, na mimi simsuti. Tunaosutwa ni sisi wapiga kura.

Upande wa pili, wa upinzani, ulikuwa na kichekesho chake. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Chadema ndio waliokuwa wamemtangaza kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007. Miaka minane baadaye Chadema haohao wanamnadi kwa urais, na wana CCM, waliokuwa wakimwita jembe, ghafla wanaikumbuka Richmond kwa tarehe. Mwaka 2019 akarudi CCM na Richmond ikasahaulika tena. Kwa vyama vyetu rekodi ni kama kanga, unaigeuza kulingana na shughuli.

Wapo watakaoniambia mtu hubadilika akipewa ofisi kubwa. Hubadilika, sawa, mara moja moja. Wengine wataniuliza kuhusu mgombea ambaye hajawahi kushika wadhifa serikalini. Huyo naye ana michango yake bungeni au kwenye baraza la madiwani, na ana chama alichokiongoza: kamuulize mtu aliyegombea naye uenyekiti.

Kwa waliokuwa serikalini kazi ni nyepesi zaidi. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hutoka kila mwaka. Tafuta miaka aliyokaa wizarani, tazama hoja zilizojirudia mwaka hadi mwaka, kisha fungua hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, uone alijibu nini alipoulizwa. Alitoa maelezo, au alimtisha muulizaji?

Kwenye kundi niliandika swali moja tu: namba 9, mawe yalibebwa na nani? Aliyetupia bango hakujibu. Akajibu mmoja niliyekuwa nakaa naye dawati moja, siku hizi ni dereva wa bodaboda: "Mimi lilinidondokea mguuni, kidole gumba. Ukucha haujawahi kunyooka." Akatuma na picha.