Kusini wangeshinda vita vya Marekani, Richmond ingebaki mji mkuu kweli?

Juzi hapa Nakuru tulikuwa na majamaa tunaongea habari ya Sudan Kusini, mmoja akauliza kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani. Majimbo ya kusini ya Marekani yalianza kujitenga Disemba 1860 kwa kutetea utumwa, yakapigana na Kaskazini miaka minne, yakashindwa 1865. Sasa tuseme yangeshinda, ziwe nchi mbili, moja inatawaliwa kutoka Washington na nyingine kutoka Richmond, hiyo miji ingekaaje? Yeye anasema Washington ndio ingehamishwa na Richmond ibaki palepale. Mimi naona kinyume, lakini maneno yake pia yana uzito, wacha niyapime yote.

Kwanza umbali. Washington na Richmond ziko kama kilomita 160 hivi, yaani ni Nairobi na Nakuru, mtu anapanda matatu asubuhi na mchana amerudi. Na mpaka wenyewe haungekuwa katikati, Washington iko kwa ukingo wa mto Potomac na ng'ambo ya mto ni Virginia, jimbo la Kusini. Chukulia Nakuru iwe nchi na mpaka wake upite Uthiru, rais wa Nairobi akichungulia anaona askari wa watu wengine. Na si kuongeza chumvi, 1861 wafuasi wa Kusini walipandisha bendera yao Alexandria, hapo ng'ambo, na ilikuwa inasemwa inaonekana kutoka ikulu.

Hapo ndipo jamaa yangu ana nguvu. Washington iliwekwa kule kwa sababu ya maelewano ya 1790, Hamilton, waziri wa fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo, Jefferson na Madison, wakubwa wa siasa kutoka Virginia, wakakubali lakini mji mkuu usogezwe karibu na Kusini. Sasa Kusini wakitoka, yale maelewano yameisha, unabaki kukaa kwa mlango wa adui kwa sababu gani? Philadelphia ilikuwa imeshakuwa mji mkuu miaka kumi, 1790 hadi 1800, si ni kurudi tu. Na hata baada ya Kaskazini kushinda, 1869 kulifanyika kongamano St. Louis la kutaka mji mkuu uhamie huko katikati ya nchi. Sisi wenyewe hapa jirani tumeona, Nyandarua ilikuwa ikiendeshwa kutoka Nyahururu ambayo leo iko Laikipia, mwishowe makao yakawa Ol Kalou.

Lakini kuna kitu anasahau, nacho ni Maryland. Washington imezungukwa na Maryland pande zote isipokuwa ule wa mto, na Maryland lilikuwa jimbo la watumwa ambalo halikujitenga, halafu lilikuwa na watu wengi wa kupenda Kusini. Serikali ikifunga virago iende Philadelphia ni kama imewaambia Maryland nendeni, na nchi iliyoshindwa vita haiwezi kumudu kupoteza jimbo lingine mwaka huohuo. Halafu angalia Kaskazini walivyofanya vita vikiwa vimechacha, walizungushia mji ngome kila upande na bado wakaendelea kujenga kuba la bunge, ile sanamu ya juu ikawekwa Disemba 1863. Watu wa namna hiyo hawahami.

Sasa Richmond, na hapa ndio moyo wa maneno yangu. Watu wanaongea kama Richmond ilikuwa mji mkuu tangu mwanzo, kumbe wa kwanza ulikuwa Montgomery, Alabama, hapo ndipo rais wao Jefferson Davis aliapishwa Februari 1861. Virginia ilijiunga baada ya vita kuanza Aprili, na Mei bunge la Kusini likaamua kuhamia Richmond, kwanza kuifurahisha Virginia, pili Montgomery kulikuwa kudogo, watu elfu tisa hivi dhidi ya Richmond elfu thelathini na nane, na tatu kiwanda cha Tredegar cha kutengeneza mizinga. Karibu zote ni sababu za vita. Vita vikiisha, yale majimbo saba ya kwanza ya pamba, South Carolina mpaka Texas, yataanza kuuliza mbona wanatawaliwa kutoka pembe ya kaskazini kabisa. Na katiba yao ilikuwa inaruhusu kutenga eneo jipya la mji mkuu, kwa hivyo mlango ulikuwa wazi. Halafu nchi iliyozaliwa kwa kusema jimbo lina haki ya kwenda zake itazuiaje Georgia ikikasirika?

Kuna upande mmoja unaniumiza kichwa, makaburi. Maelfu ya askari wao wamezikwa Richmond, na kuambia mama aliyepoteza wana wawili wakilinda huo mji kwamba sasa tunauacha, hiyo ni kazi ngumu. Sudan Kusini nayo baraza la mawaziri liliamua 2011 mji mkuu uhamie Ramciel, katikati ya nchi, na serikali ikabaki Juba, kwa hivyo kusema na kuhama ni vitu viwili. Ningeweza kushindwa hapo.

Kinachonirudisha ni watu ambao hatukuwataja kwa ule ubishi wote, na kwetu Waafrika ilifaa tuanze nao. Richmond ilikuwa soko kubwa la watumwa, la pili baada ya New Orleans. Washington utumwa ulifutwa tarehe 16 Aprili 1862. Kwa hivyo ungekuwa na mji wa kuuza watu, na mwendo wa usiku chache tu kaskazini kuna mto, ukivuka ukaingia Washington mtu ni huru, na hakuna tena sheria ya nchi moja ya kumrudisha. Wakati wa vita vyenyewe walikuwa wanatoroka kwa maelfu. Amani ikija wangezidi, Virginia ya kaskazini ingebaki bila watumwa mwaka baada ya mwaka, na wenye mashamba ya pamba kule chini wasingekubali serikali yao ikae kwa jimbo ambalo utumwa wenyewe unavuja.