Kijana wa miaka 15 anapotoa maoni, nani anamsikiliza?

Mnamo Julai 2009 ofisi ya London ya benki ya Morgan Stanley ilisambaza kwa wateja wake ripoti iliyoandikwa na mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akijifunza kazi hapo kwa muda mfupi. Mvulana huyo alieleza jinsi yeye na wenzake walivyotumia vyombo vya habari: hawakusoma magazeti, walikwepa kulipia muziki, matangazo ya mtandaoni yaliwaudhi, na Twitter haikuwa mahali pao. Benki yenyewe ilikiri kwamba maandishi hayo hayakudai usahihi wa kitakwimu, lakini iliyasambaza hata hivyo, na watu wenye fedha za kuwekeza wakayasoma kwa makini.

Kisa hicho hunijia kila ninapomsikia mtu mzima akifunga mazungumzo na kijana kwa kumwambia kwamba yeye bado mtoto na ataelewa akikua. Mfanyabiashara hamwambii hivyo. Anayeuza viatu, nguo, michezo ya simu na muziki hutumia fedha nyingi ili ajue kijana anapenda nini, anachoshwa na nini na yuko macho hadi saa ngapi, ilhali mzazi na mwalimu, wanaomtakia mema kuliko wote, mara nyingi hawamuulizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unasema kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yote yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ugumu wote umo katika neno hilo “uzito”. Kumpa mtu uzito ni kumkubalia anapokuwa sahihi, na pia ni kumkatalia kwa hoja anapokosea, badala ya kumnyamazisha.

Nilijaribu kufanya hivyo na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ana miaka 15 na maoni mengi. Tulianza na ununuzi, kwa kuwa alikuwa ametoka kutumia akiba yake kumnunulia vazi mhusika anayemchezesha katika mchezo wa simu, na mama yake alikuwa amekasirika. “Mjomba, ninyi mnaona ni picha tu,” alisema, “lakini kila ninapocheza wenzangu wananiona nimevaa lile.” Sioni namna ya kuipuuza hoja hiyo. Watu wazima nao hununua vitu vingi ili waonekane navyo, na katika umri wa balehe, wakati mtu anajitenga polepole na wazazi na kutafuta nafasi yake miongoni mwa rika, kukubaliwa na wenzake ni haja ya kweli. Kama nguo anayovaa mtu ukumbini ina thamani kwa sababu ya macho ya watu, si rahisi kueleza kwa nini vazi la mchezoni lisiwe na thamani kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha alinionyesha duka lenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza kitu. Bidhaa hazinunuliwi kwa fedha moja kwa moja. Kwanza mchezaji hununua sarafu za mchezo. Vazi alilolitaka lilikuwa la sarafu 800, lakini sarafu zinauzwa kwa mafungu ya 500 au ya 1,000, hivyo hakuna njia ya kununua zinazotosha tu. Alinionyesha kwa kidole zile 200 zilizosalia kwenye kona ya skrini, akasema, “Hizi wameziacha makusudi, ili nione zinapotea bure nikanunue nyingine.” Hakuna mtu aliyemfundisha. Alikuwa ameuona mtego huo kwa macho yake na kuueleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Na bado alinunua. Jambo hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba kijana akishaelimishwa kuhusu mbinu za biashara basi aachwe aamue mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio ambalo watu wa umri mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari, wengine wakiwa peke yao na wengine wakiwa na wenzao. Wenye umri kati ya miaka 13 na 16 waliongeza sana hatari walizojitia walipokuwa na wenzao, lakini watu wazima hawakubadilika hivyo. Kwa hiyo kijana huyo huyo anayefikiri vizuri akiwa peke yake mezani anaweza kuamua vingine wenzake wanapomtazama, na duka la mchezo limejengwa pale pale wenzake walipo. Kujua mtego ni jambo moja, kujizuia ni jambo lingine, na maarifa ya mpwa wangu, ingawa ni ya kweli, hayakumwondolea mama yake wajibu wa kuweka kikomo.

Wala wajibu huo haupaswi kuwaelemea wazazi peke yao. Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ingelipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya kuilaumu kampuni hiyo kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Hukumu ya namna hiyo juu ya maduka haya vijana walikuwa nayo zamani, isipokuwa hawakuwa na wa kumpelekea.

Katika kazi za nyumbani alinipa kazi ngumu zaidi. Alifungua daftari lake: maswali 30 ya milinganyo, ya kukabidhiwa kesho yake. Sita ya mwanzo yalikuwa yamefanywa kwa mwandiko wake wa kawaida, hatua baada ya hatua, yote sahihi. Kuanzia la saba mwandiko uliharakishwa na hatua zikatoweka, maana majibu yalitoka kwenye programu ya akili mnemba. Hoja yake ilikuwa kwamba baada ya sita alikuwa ameshaelewa, na kwamba 24 yaliyobaki yalikuwa adhabu.

Nusu ya hoja hiyo ina nguvu. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, katika mapitio ya tafiti za kazi za nyumbani yaliyochapishwa mwaka 2006, alionyesha kwamba uhusiano kati ya kazi hizo na matokeo ya masomo una nguvu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa msingi, lakini pia kwamba hata kwa hao wakubwa faida huisha zinapozidi takriban saa mbili kwa usiku. Hermann Ebbinghaus naye, katika majaribio ya kumbukumbu aliyoyachapisha mwaka 1885, aliona kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hukaa akilini kuliko yaliyorundikwa siku moja. Maswali 30 yale yale, sita kwa siku tano, yangemfaa zaidi.

Lakini nusu ya pili inaanguka. Nilimwomba anieleze swali la 19, ambalo lilikuwa na alama ya kutoa mbele ya mabano. Jibu lililoandikwa lilikuwa sahihi, ila alipolifanya upya mbele yangu alisahau kugeuza alama ndani ya mabano, akakosa. Yale sita ya mwanzo hayakuwa na mabano ya aina hiyo. Alidhani amemaliza kuelewa kwa sababu alikuwa bado hajafika kwenye ugumu, na ni mwalimu pekee, aliyepanga maswali, aliyejua ugumu uko wapi. Mwanafunzi anaweza kushuhudia kwamba kazi ni nyingi mno. Hawezi kila mara kushuhudia kwamba ameshaelewa.

Kuhusu burudani nitasema machache, kwa kuwa ugomvi wa ladha hauna faida. Muziki anaousikiliza siuelewi, na sidhani kwamba kutoelewa kwangu ni ushahidi dhidi yake. Ibara ya 31 ya mkataba nilioutaja inamhakikishia mtoto mapumziko na mchezo, na video anazozitazama ndizo mapumziko yake. Ninachohofia ni usingizi. Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Usingizi ilipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Katika balehe saa ya mwili husogea mbele, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi, na ndiyo maana mwaka 2014 jumuiya ya madaktari wa watoto ya nchi hiyo ilishauri masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Kwa hiyo anaposema hana usingizi saa nne usiku hasemi uongo. Lakini video zinazofuatana zenyewe bila kuguswa humsogeza hadi saa saba, na kengele ya asubuhi haisogei.

Nilipomweleza hivyo alifikiri kidogo, akasema atakubali simu yake ilale sebuleni iwapo ya mama yake nayo italala huko. Dada yangu hakulipenda sharti hilo usiku wa kwanza, kwa kuwa alikuwa amezoea kusoma ujumbe akiwa kitandani. Sasa ni wiki ya tatu, na simu zote mbili zinalala kwenye rafu moja.