Szczecin: mto Odra una kesi mbili, tusizichanganye

Novemba 2025 rais wa Poland, Karol Nawrocki, alikataa kusaini sheria ya kuanzisha hifadhi ya taifa kwenye bonde la chini la mto Odra, pale kusini ya Szczecin, mji wa bandari wa kaskazini-magharibi mwa Poland, na tangu hapo ugomvi wa bandari na mto umewaka upya. Huku wanasema mto umetolewa kafara kwa ajili ya matishari, kule wanasema bandari imeponea chupuchupu. Wa hifadhi nawaelewa na nitawafikia, ila mi naona watu wa bandari ndo wanaosomwa vibaya kila siku, wanachorwa kama watu wa makaa na tope waliobaki karne iliyopita, kwa hiyo acha nianze na wao.

Kwanza Szczecin haiko baharini. Meli ikitoka bahari ya Baltiki inaingia Świnoujście, inapita mfereji wa Piast, inavuka ghuba pana ya maji ya kina kifupi, halafu ndo inapanda mto mpaka gatini, jumla kilomita zaidi ya 60. Mtu akitazama ramani anauliza nani aliweka bandari huku ndani. Jibu lake ni mteja. Zamani mji ukiitwa Stettin ukiwa wa Wajerumani, mteja alikuwa Berlin, reli ya kutoka Berlin ilifika 1843 na mwaka 1914 ukafunguliwa mfereji wa matishari kati ya miji hiyo miwili. Ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani upande wa Baltiki. Kiwanda cha meli cha Vulcan kilishusha majini hapohapo mtoni Kaiser Wilhelm der Große mwaka 1897, meli kubwa ya abiria iliyokuja kushika rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki, na hiyo imeundwa kilomita 60 kutoka baharini! Hata mkataba wa Versailles uliipa Chekoslovakia, nchi isiyo na bahari, haki ya kukodi eneo la bandari pale kwa miaka 99, kwa sababu mto ule ndo ulikuwa njia ya watu wa bara.

1945 kila kitu kikapinduka. Wajerumani wakaondolewa, Wapolandi wakaletwa, wengi wao wametoka maeneo ya mashariki ambayo nchi yao ilikuwa imeyapoteza, na mpaka ukapita karibu kabisa na mji kiasi kwamba yule mteja mkubwa, Berlin, akabaki ng'ambo. Wasovieti waling'ang'ania sehemu za bandari kwa miaka kadhaa, wakaziachia kidogokidogo. Churchill alivyotoa hotuba yake ya pazia la chuma lililoigawa Ulaya, Machi 1946, mstari wa pazia aliuanzia kwenye mji huu, Stettin ya Baltiki. Kwa hiyo wageni hawa walipewa bandari iliyokatwa na soko lake, majengo ya watu wengine, na hofu ya miaka mingi kwamba huenda siku moja wataambiwa warudishe.

Na wakafanya kazi. Mfano ninaoupenda ni kopo dogo la paprykarz szczeciński, samaki, wali, nyanya, kitunguu na pilipili vimesagwa pamoja unapaka kwenye mkate. Miaka ya 1960 meli za kampuni ya uvuvi ya Gryf ya Szczecin zilikuwa zinavua pwani ya Afrika Magharibi, watu wake wakaonja huko wali wa samaki wa nyanya na pilipili, wakarudi nyumbani na wazo, na mabaki ya samaki yaliyokuwa yanabaki kwenye kukata minofu yakapata kazi. Mpaka leo Poland nzima inakula kopo hilo, limezaliwa na mabaharia.

Watu hawa hawa wa Szczecin ndo waliogoma Desemba 1970 wakapigwa risasi mitaani, wafu 16. Januari 1971 kiongozi mpya wa chama cha kikomunisti kilichotawala, Edward Gierek, ikabidi aende mwenyewe kwenye kiwanda cha meli cha Warski akakaa na wagomaji masaa kama tisa. Na makubaliano ya wagomaji na serikali ya Agosti 1980 Szczecin ilisaini tarehe 30, siku moja kabla ya Gdańsk, ingawa dunia inakumbuka Gdańsk tu. Halafu uhuru ukaja na kiwanda kikafilisika 2002, serikali ikakifufua, Umoja wa Ulaya kule Brussels ukaamua 2008 kwamba pesa za serikali zilitolewa kinyume cha sheria za ushindani, 2009 kikafungwa na maelfu wakabaki bila kazi. Juni 2017 mawaziri wakaja kwa shangwe kuweka mkuku, yaani uti wa chini, wa meli ya kivuko mpya, kivuko hakikujengwa, lile pande la chuma likakaa pale miaka linaota kutu wafanyakazi wa zamani wanalitazama. Sasa mtu aliyepitia yote hayo ukimwambia "hifadhi haitaathiri usafiri wa meli, imeandikwa kwenye sheria", unategemea aamini? Kutoamini kwake mnakuita ujinga, mi naona ni kumbukumbu.

Tuje kwenye kina, maana hapa ndo watu wanapita haraka mno. Mradi wa njia ya meli kutoka Świnoujście mpaka Szczecin, mkataba wake wa 2018, uliongeza kina kutoka mita 10.5 hadi 12.5. Mita mbili. Msomaji anasema mita mbili ndo nini. Zamani meli iliruhusiwa kupanda ikiwa imezama mita 9.15, sasa ni mita 11, tofauti ni sentimita 185. Chukua meli ya shehena kichele, urefu mita 190, upana 30, piga hesabu ya karibu-karibu utakuta kila sentimita moja inayozama zaidi ni tani kama 50 za mzigo. Zidisha mara 185, unapata zaidi ya tani 9,000. Kwa safari moja! Hizo ni lori zaidi ya 360 za tani 25. Kabla ya hapo meli kama hiyo au ilikuja nusu tupu au ilisimama Świnoujście kushusha kwanza, yaani kulipa gati mara mbili, winchi mara mbili, siku za kusubiri, na ngano ya mkulima ndo inabeba gharama hiyo. Wanaosema kila kitu kihamie Świnoujście wakumbuke kule ni visiwani. Mzigo ukishukia Szczecin tayari uko bara.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kule mfereji wa Piast wachimbaji walikuta bomu la Tallboy la tani 5.4, Waingereza walilidondosha Aprili 1945 wakiilenga manowari Lützow, halikulipuka. Oktoba 2020 wapiga mbizi wa jeshi walienda kuliua taratibu likalipuka majini, maji yakaruka juu kama mnara, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumia. Tope lililochimbwa, mita za ujazo zaidi ya milioni 20, limejengewa visiwa viwili ghubani kwa ajili ya ndege wa majini. Hilo wapinzani wa bandari hawalisemi.

Haya, upande wa pili sasa, na hapa wana neno zito. Kiangazi cha 2022 Odra ilioza. Samaki kama tani 360 waliopolewa wamekufa, mwani mdogo sana wenye sumu unaoitwa wa dhahabu, ambao kwao ni maji ya chumvichumvi, ulistawi mtoni kwa sababu migodi inamwaga maji ya chumvi, jua kali, maji kidogo. Meli hazikuua samaki wale. Lakini wanasayansi wanaposema mto uliobanwa, uliotiwa kuta za mawe na kufanywa mfereji maji yake yanakuwa rahisi kuzaliana mwani, siwezi kuwapuuza, na mahakama ya Warsaw iliposimamisha kazi za ujenzi kwenye mto mpakani na Ujerumani Desemba 2022 haikuwa inachezea watu. Bonde lenyewe kati ya mikono miwili ya Odra ni peti, yaani udongo wa mimea iliyooza, na matete na mifereji ya kale iliyojifia, Wajerumani ng'ambo wana hifadhi yao tangu 1995, na hekta zilizoombwa upande wa Poland hazikufika 4,000.

Kosa la pande zote ni kuchanganya mito miwili. Chini ya Szczecin ni njia ya meli za bahari, imechimbwa tangu karne ya 19, hapo bandari wana haki na kesi imekwisha. Juu ya Szczecin ni kitu kingine. Kule kinachoombwa ni kina cha mita 1.8, sababu kuu ni meli za kuvunja barafu zinazotoka Szczecin kila baridi ikikaza, maana barafu ikijibana mto unafurika vijiji vya Poland na vya Ujerumani sawa. Hilo nalikubali kabisa. Ila kuliambia taifa kwamba matishari yatarudi kama enzi za makaa ya mkoa wa Silesia, wakati mito yote ya Poland inabeba chini ya asilimia 1 ya mizigo na kiangazi maji hayatoshi, hapo watu wa bandari wanajiumiza wenyewe, wanapoteza imani ya watu kwa kitu ambacho bandari yao haikihitaji. Meli ya barafu haizuiwi na matete ya hifadhi, ikiwekwa wazi kwenye sheria kwamba njia kuu ya mto iko nje ya mpaka wake na nani anatoa amri ya kutoka baridi ikifika.

Swali ambalo sijaona likipiganiwa na upande wowote ni la mchanga. Zile sentimita 185 hazikai zenyewe, mto unashusha tope kila siku na ghuba ni ya kina kifupi, wachimbaji watarudi tena na tena miaka yote ijayo, na hiyo pesa inatoka Warsaw, kulekule ilikotoka ahadi ya kivuko.