Mlango Ulinipiga Raundi ya Kwanza

Najua mtaa mzima wa hapa Temeke umeshasikia habari yangu, na kila anayeipokea anaongeza chumvi, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe. Fundi viatu hakunipiga. Alirusha ngumi tatu, nikazikwepa zote tatu. Aliyenipiga ni mlango, na aliyenimalizia ni kiti.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba 2025, wiki moja baada ya bondia Terence Crawford kumshinda Canelo Alvarez kwa pointi kule Las Vegas. Nilikwenda kunyoa kwa sababu saa kumi alasiri nilikuwa na kazi ya heshima: kupeleka barua ya posa ya mpwa wangu Mbagala. Mshenga ni mimi. Mpwa aliniahidi kanzu mpya na makubadhi ya siku ya harusi, na yeye akaniomba jambo moja tu: "Mjomba, kanyoe."

Ningenyoa nikaondoka, yasingenikuta. Lakini saluni ile watu hawaendi kunyoa. Wanakwenda kubishana, na nywele zinanyolewa humohumo katikati ya ubishi. Kuna benchi moja, kioo kimoja chenye ufa, mlango wa chuma ambao nusu yake haifunguki, na nje kwenye kibaraza amekaa fundi viatu, ambaye kazi anafanyia nje ila mdomo wake uko ndani.

Mada ya siku hiyo: bondia bora kuliko wote. Kinyozi aliweka sharti kwamba tunaanzia mwaka 1985 kuja huku, kumtaja Muhammad Ali hakuna. Sharti hilo lilitungwa kwa ajili ya mzee mmoja tunayemwita Mzee wa Kinshasa. Ukimwachia nafasi kidogo tu, anakurudisha Oktoba 30, 1974, redio sikioni, alfajiri, Ali kaegemea kamba, Foreman anapiga mpaka mikono inamlegea, raundi ya nane mtu chini. Tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko hotuba za harusi.

"Nimekubali sharti," mzee akasema, na alivyokubali haraka nikajua kuna jambo. "Mwaka 1994 uko ndani ya miaka yenu?"

"Uko, mzee."

"Haya. 1994 George Foreman ana umri wa miaka 45, akamlaza Michael Moorer raundi ya kumi, akauchukua tena mkanda wa dunia. Na alivaa bukta ileile aliyopigiwa Kinshasa. Sasa kama Foreman yumo kwenye hesabu yenu, aliyempiga Foreman mnamweka wapi?"

Saluni ikanyamaza. Mzee akaona kapata upenyo, akaingia na mwaka 1980, pale Rais Carter wa Marekani alipomtuma Ali azunguke Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Ali akatua Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akakataa kumwona, kwa sababu kutumiwa mwanamichezo kwa jambo zito la mataifa aliona ni dharau. "Mimi nilimwona Ali kwa macho yangu hapa Dar," mzee akasema. "Nyerere hakumwona. Mimi nilimwona." Ukilisema jambo namna hiyo, mtu anayekubishia anaonekana hana adabu.

Kinyozi yeye ni wa Mike Tyson. Aliniinamisha kichwa huku akinisomea wasifu: miaka 20, mwaka 1986, kamwangusha Trevor Berbick raundi ya pili, akawa bingwa wa uzito wa juu mdogo kuliko wote waliowahi kutokea. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na Buster Douglas, Tokyo, 1990, Tyson yuko sakafuni anapapasa kinga ya meno. Nilikuwa pia na la Evander Holyfield, 1997, Tyson alipomng'ata sikio. Lakini wakati huo kinyozi ameshika sikio langu, amelikunja, mashine inapita nyuma yake, nikaona si mahali pa kutaja sikio la Holyfield.

Konda wa daladala, aliyekuja kunyoa ndevu na gari limepaki lina abiria, akasema Manny Pacquiao, mataji ya dunia uzito nane tofauti, tuleteeni mwingine. Fundi viatu akajibu kutoka nje bila kuinua kichwa: "Mwingine ni Marquez. 2012, raundi ya sita. Pacquiao alikwenda chini kifudifudi kama amesahau kitu sakafuni." Kisha akamtaja wake, Floyd Mayweather. Mapambano 50, ameshinda 50. Fundi huyu hana maneno mengi kuhusu Mayweather. Anataja hamsini, anapiga nyundo. Anataja hamsini, anapiga nyundo. Huwezi kubishana na mtu wa hivyo, ni kama kubishana na kikokotoo.

Mimi ni wa Roy Jones Junior. Na Roy ana ubaya wake, huwezi kumtetea ukiwa umekaa.

Nikaanza vizuri. Seoul, 1988, fainali ya Olimpiki, Roy anampiga Mkorea Park Si-hun raundi zote, majaji wanampa Park dhahabu, halafu haohao wakubwa wa ngumi wanampa Roy tuzo ya bondia bora wa mashindano. Nikaja 1993, Bernard Hopkins kapigwa. 1994, James Toney kapigwa. 1996 Roy anacheza mechi ya kikapu mchana, usiku anapanda ulingoni na kutetea mkanda. 2003 anapanda mpaka uzito wa juu, anamfunza adabu John Ruiz na kumvua mkanda, jambo ambalo bingwa wa uzito wa kati hakuwahi kulifanya tangu 1897.

"Mbwembwe," fundi akasema. Akapiga nyundo.

Hapo ndipo niliposimama. Shuka la kinyozi limefungwa shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umeshanyolewa, wa kulia bado una nywele zote. Nikasema: "Mwaka 2002 alipigana na Glen Kelly. Raundi ya saba. Roy akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mtu yuko mbele yake anataka kumuua, yeye mikono nyuma! Kelly akarusha ngumi, Roy akakwepa, mkono ukachomoka, Kelly chini. Mayweather aliwahi kufanya hivyo?"

"Hata wewe unaweza," fundi akasema. "Weka mikono nyuma."

Ningekuwa na akili ningekaa. Nikaweka mikono nyuma, ndani ya lile shuka.

Fundi akaingia ndani. Mikononi alikuwa na viatu vya mteja alivyomaliza kushona, akaviacha palepale, mkono wa kulia kiatu cha kulia, mkono wa kushoto kiatu cha kushoto, kama glovu zenye soli. Mzee wa Kinshasa akagonga chupa ya soda kwa funguo, ti!

Cha kwanza kilikuja cha kushoto. Nikainamisha kichwa, kikapita. Konda akapiga kelele. Cha pili, cha kulia, nikazungusha shingo, kikapita pia, nikasikia harufu ya rangi ya viatu. Nakwambia kwa sekunde mbili hizo nilikuwa Roy. Nilitabasamu. Nilimtolea ulimi.

Cha tatu nikakwepa kwa kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na nywele za watu wa asubuhi nzima juu ya vigae. Miguu ikaenda mbele bila mimi. Nikataka kujishika, mikono ikakwama, maana kidole gumba kilikuwa kimenasa kwenye kamba ya shuka. Kisogo, upande wa kulia, kikakutana na ile nusu ya mlango isiyofunguka. Mlango ukanirudisha mbele kwa nguvu zilezile nilizoujia nazo, na huko mbele mkono wa kiti ulikuwa unanisubiri kwenye usawa wa jicho.

Niliposikia tena sauti za watu, Mzee wa Kinshasa alikuwa amefika saba. Aliendelea mpaka kumi, bila haraka, kwa furaha ya mtu aliyesubiri tangu 1974.

Msaada haukuja, ulikuja ubishi. Konda akasema ni KO. Kinyozi akasema hakuna KO bila ngumi kugusa, pambano limevunjika. Fundi akatazama viatu vyake kama vina alama, akasema yeye anahesabu ushindi, sasa ni hamsini na moja. Mimi niko chini, nimefunikwa shuka kama maiti, nasikiliza majaji. Nikamwambia kinyozi aachane nao, amalizie kichwa, muda umekwenda. Akaniketisha, akawasha mashine. Ikanguruma mara moja, ikazima. Feni ikazima. Redio ya duka la jirani ikazima. Umeme umekatika.

"Nitumie wembe?" kinyozi akauliza. Akagusa ule upande wenye nywele. Pale ndipo nundu ilipokuwa inaota, na ilivyokuwa inapanda ungedhani imetiwa hamira. Nilitoa sauti ambayo abiria wa konda waliisikia barabarani. Wembe ukarudishwa kwenye boksi. Pesa alinitoza nusu, akasema baki ni siku nyingine.

Mpwa aliponiona hakusema neno. Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa, kile chake kilichonyolewa chote. Kisha akaniletea baraghashia na miwani ya jua. Baraghashia ilikaa sawa upande wa kushoto. Upande wa kulia, kwa nywele na nundu, ikapanda juu. Ukiishusha huku, inachomoka kule. Nikaamua kutembea nimeinamisha shingo kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

Mbagala wakatupokea vizuri. Busati jipya, feni, juisi ya ukwaju, wazee wanne wa upande wa binti na bibi yake kwenye kiti cha pembeni. Nikatoa shikamoo zote, nikakaa, nikaanza maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima, kwamba tumepita njia tukaona ua limechanua katika bustani hii. Bibi akanikatiza.

"Mshenga, ndani humu jua liko wapi?"

Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni. "Macho, bibi. Yananiuma kidogo. Mekundu."

Watu wa Dar hawajasahau ule ugonjwa wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024. Wazee wanne wakasogea nyuma kwa pamoja, busati likakunjana. Binti aliyekuwa ananiletea glasi akasimama mlangoni, akaiweka chini, akaisukuma kwa ncha ya kidole. Bahasha yangu yenye barua na fedha zake ikabaki katikati ya sakafu, hakuna aliyetaka kuishika. Mpwa akanikanyaga mguu. Nikaona hapa posa inakufa kwa ugonjwa ambao sina, nikavua miwani.

"Siumwi jamani, tazameni. Ni kuvimba tu."

Nilipoinama kuwaonyesha, baraghashia ikaanguka. Mtoto mdogo aliyekuwa amejificha nyuma ya bibi akasema, kwa sauti ya mwadhini, "Bibi, huyu babu ana nywele upande mmoja!"

Sina umri wa kuitwa babu. Lakini hilo halikuwa tatizo kubwa wakati ule.

"Mshenga," mzee mkubwa akasema taratibu, "ulipigana na nani ukiwa njiani kuja kwetu?"

"Sikupigana, mzee wangu. Nilikuwa namtetea Roy Jones."

Kimya. Kisha mmoja wa wale wazee, baba mdogo wa binti, akajikohoza. "Roy Jones huyu aliyelazwa na Antonio Tarver mwaka 2004? Raundi ya pili? Ngumi moja ya kushoto?"

Naapa nilikusudia kunyamaza. Mpwa alishaishika kanzu yangu kwa nyuma, aliniona navuta pumzi. Lakini nifanyeje na mtu anayemtaja Tarver bila kutaja uzito? Nikamwambia Roy alikuwa ametoka kujijaza mwili ili apigane na Ruiz kwenye uzito wa juu, halafu akajikausha kurudi chini, misuli ikaenda na maji, yule aliyelazwa na Tarver alikuwa ganda la Roy. Akasema visingizio. Nikasema kama unataka Roy mwenyewe katazame Kelly, 2002. Akasema hakuliona pambano hilo. Nikasimama nimwonyeshe.

Mikono ilikuwa bado haijafika nyuma pale mpwa aliponiketisha kwa kunivuta, kanzu ikachanika kwapani.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, kwa barua, mwandiko mzuri. Posa imepokewa. Mahari imetajwa, tena si ya kutisha. Mwisho, chini ya salamu, kuna mstari mmoja: wanaomba kikao kijacho aje mshenga mwingine, ikiwezekana mtu mtulivu.

Familia ilikaa, ikatafuta mtu mtulivu, asiye na maneno mengi, anayejulikana na mpwa tangu utotoni. Wakamchagua fundi viatu.

Amekwenda, amemaliza mambo kwa dakika ishirini, amepewa kanzu mpya. Makubadhi amejishonea mwenyewe. Juzi nimempita pale kibarazani, akainua kichwa, akasema, "Hamsini na mbili," akapiga nyundo.

Mwaka 2023 Park Si-hun alisafiri mpaka Pensacola, nyumbani kwa Roy, akamkabidhi ile dhahabu ya Seoul kwa mkono wake. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mimi na ile kanzu ndiyo kwanza tuna wiki ya tatu.